Lamu, kisiwa cha majahazi ya kubeba mkononi

Msomaji mpenzi, hebu leo mwulize mtoto wako akutajie shujaa wake wa michezo. Hapana shaka atakutajia mcheza kandanda, tena huenda akawa wa klabu ya Uingereza ambayo mtoto mwenyewe hajawahi kuiona ila kwenye televisheni. Mwulize swali hilo hilo mtoto wa Lamu, hasa karibu na siku za Maulidi, na usishangae akikutajia chombo. Naam, chombo cha tanga. Atakuambia mashua gani ina mbio, nahodha wake ni nani na wa mtaa gani, na iliposhindwa ilishindwa kwa sababu gani. Kule mashindano ya mashua ndiyo ligi kuu. Wazee kwa vijana hujazana ukingoni mwa bahari, watu hupiga kelele hadi sauti zikawakauka, na mabishano huendelea barazani kwa wiki nzima.

Nimeanza na habari za mashujaa kwa sababu leo nataka kukupeleka kununua mwanasesere. Usicheke. Kuna nchi ambazo watu wazima, wenye kazi zao na ndevu zao, hununua wanasesere bila haya. Wamarekani wana mchezo wao wa besiboli, ule wa kupiga kwa rungu mpira mdogo mgumu kisha kukimbia kuzunguka vituo vinne, na mashujaa wa mchezo huo huuzwa madukani wakiwa sanamu za plastiki za kutoshea kiganjani. Mwaka 1988 kampuni ya Kenner ilianza kuziuza kwa jina la Starting Lineup, kila mchezaji na mkao wake na kadi yake yenye maelezo. Kisha wakaongezwa wakongwe waliokwisha kufa zamani, kama vile Babe Ruth na Jackie Robinson, yule Mmarekani mweusi aliyevunja ukuta wa ubaguzi mwaka 1947 alipoingia uwanjani na timu ya Brooklyn Dodgers. Anayekusanya sanamu hizo kwa dhati hata boksi hafungui. Ukifungua tu, thamani imeshuka.

Basi Lamu nako kuna mashujaa wa kuwekwa kabatini, nao ni majahazi. Fundi hukichukua chombo cha kubeba tani nyingi za mizigo, akakipunguza kwa jicho na tezo hadi kikaenea mikononi mwa mtu mmoja, na mlingoti wake, tanga lake, usukani wake na kamba zake zote. Wageni hununua vijahazi hivyo wakavipeleka Ulaya. Sisi wenyeji wa nchi hii tumezoea kuvipita dukani tukisema ni vitu vya watalii. Mimi nasema tusivipite haraka, kwa maana kuna chombo mashuhuri cha pwani hiyo ambacho leo hakifanyi safari tena katika bahari yoyote, na lau kama si vielelezo vidogo vya aina hii, tusingejua sawasawa kilivyokuwa.

Kwenda Lamu kuna njia mbili. Mwenye haraka na pesa hupanda ndege hadi Manda, kisha akavuka kwa mashua. Wengi wetu tutakwenda kwa basi kutoka Mombasa kupitia Malindi na Garsen hadi gati la Mokowe, safari ya zaidi ya kilomita 300, na hapo Mokowe tukapanda boti. Ukiweza, acha ile boti ya mwendo wa kasi, panda ile ya polepole. Kwa mwendo huo utaona mikoko ikipita taratibu pande zote mbili, kisha mji wenyewe ukajitokeza, nyumba nyeupe za mawe ya matumbawe zimeegemeana kama watu wanaonong'onezana. Mji huo wa kale uliwekwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001.

Kabla hujaingia dukani, kaa kwanza ukingoni ukavitazame vyombo vya kweli. Hili ni jambo ambalo wageni wengi hawalifanyi, ndipo wakauziwa vijahazi visivyofanana na chochote. Kitu cha kwanza cha kutazama ni omo, yaani sehemu ya mbele. Jahazi la Lamu omo yake imesimama wima, kama uso wa mtu aliyekasirika. Majahazi ya Zanzibar omo zake hulala kuelekea mbele. Mtu wa pwani akiliona tanga mbali baharini, na baadaye akaiona omo, hujua chombo kimetoka wapi kabla ya kusoma jina. Tazama pia mlingoti: haukusimama wima bali umeinamia mbele kidogo, na juu yake inaning'inia foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga la pembe tatu. Utaona vilevile ukuta wa majani ya mnazi uliosukwa na kufungwa kandokando ili kuzuia maji yasirukie ndani, na pale omoni pande zote mbili pana duara lililopambwa, ambalo watu huliita jicho. Chombo nacho lazima kione njia.

Mashua ni ndogo kuliko jahazi, na hiyo ndiyo inayotumika zaidi siku hizi kwa uvuvi, kwa mashindano na kwa kuwatembeza wageni. Mtumbwi unaujua. Jahazi kubwa lenyewe, lile la mizigo, limekuwa la kutafutwa.

Ukishalishibisha jicho lako, ingia makumbusho. Jengo liko hapo hapo ukingoni, nyumba kubwa yenye baraza, ambayo zamani za ukoloni ilikuwa makao ya maofisa wa Kiingereza. Wengi huingia kuziangalia siwa, zile baragumu kubwa za fahari, ya Pate ya pembe ya ndovu na ya Lamu ya shaba. Nami sikukatazi, ni vitu vya ajabu kweli. Lakini usitoke kabla ya kusimama mbele ya vielelezo vya vyombo, na hasa mbele ya mtepe.

Mtepe, ndugu msomaji, ndio Babe Ruth wa vyombo vya Uswahilini. Ulijengwa hasa na Wabajuni wa visiwa hivi vya Lamu, na ulijengwa bila msumari hata mmoja. Mbao zilitobolewa kandokando kwa keekee, zikashonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi kama vile mama anavyoshona nguo iliyochanika. Tanga lake halikuwa la nguo wala la pembe tatu. Lilikuwa mkeka wa pembe nne. Omo yake ilichongoka ikanyanyuka mbele kama shingo ya ngamia, na wenyeji walisema ni mfano wa ngamia wa Mtume. Ilikuwa na macho yaliyochorwa. Ukiuona mfano wake utadhani fundi ametia chumvi kwa kupendezesha, lakini picha zilizopigwa wakati mitepe ya mwisho ilipokuwa ingali ikisafiri zinathibitisha kwamba ndivyo ilivyokuwa hasa.

Na ukoo wa vyombo vya kushona ni mkongwe sana. Baharia mmoja wa Kiyunani aliyeandika habari za pwani hii karibu miaka 2,000 iliyopita alivitaja vyombo vya kushonwa, na akasema mji wa biashara wa Rhapta ulipewa jina lake kutokana navyo. Vasco da Gama alipofika pwani ya Msumbiji mwaka 1498, watu wake nao waliandika kwamba wameona vyombo visivyo na misumari, vimefungwa kwa kamba, na matanga yake ni mikeka. Kwa hiyo tunazungumza juu ya ufundi uliodumu karne nyingi kupita kiasi, ukabeba nafaka, chumvi na boriti za mikoko, ukapita mawimbi na miamba. Chombo cha kushona kina faida moja ambayo cha misumari hakina: kikigonga mwamba hunyumbuka, hakipasuki upesi.

Basi ulikufaje? Haukuzama katika vita wala tufani. Uliuawa na hesabu. Kamba huoza, na mtepe ulitaka kushonwa upya mara kwa mara, kazi ya watu wengi na siku nyingi. Pia ulivuja, kwa hiyo lazima pawe na watu wa kupiga maji bila kupumzika. Misumari ya chuma ilipopatikana kwa bei nafuu, jahazi la misumari lilitaka watu wachache na likabeba zaidi. Kufikia miaka ya 1930 mitepe ya mwisho ilikuwa ikihesabika, kisha ikatoweka kabisa. Mtaalamu wa Kiingereza, James Hornell, alichapisha maelezo yake juu ya mtepe mwaka 1941, na wakati huo habari zenyewe zilikuwa tayari ni za kitu kilichopita. Chombo kilichoanza kutajwa enzi za Warumi kilikufa wakati babu zetu wakiwa vijana, na wengi wao hawakujua kwamba kimekufa.

Sasa sikiliza jambo linalonifanya niandike makala haya. Mapema katika miaka ya 2000 watu wa Zanzibar walitaka kuujenga tena mtepe, wa ukubwa kamili, ili uwekwe katika ukumbi wa Beit al-Ajaib. Wangepima wapi? Hapakuwa na mtepe wa kwenda kuupima kwa kamba. Kilichosalia ni maandishi, picha, na vielelezo vidogo vilivyohifadhiwa katika makumbusho, vya aina hii unayoiona Lamu. Chombo kidogo ndicho kilichokuwa mwalimu wa chombo kikubwa. Mtoto alimzaa baba! Mtepe ukashonwa, ukasimama ukumbini, watu wakamiminika kuutazama. Kisha tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ikaporomoka. Nyumba moja kubwa, hata ikiwa ya sultani, si mahali pa kutosha kuweka ujuzi wa taifa zima. Vielelezo vidogo vimetawanyika. Kimoja kikivunjika Lamu, kingine kipo London.

Tutoke makumbusho twende Matondoni. Ni kijiji kilicho upande mwingine wa kisiwa, mwendo wa saa mbili hivi kwa miguu kupita mashamba ya minazi na miembe, au panda punda ikiwa magoti yako ni ya kizee. Unaweza pia kuzunguka kwa mashua wakati maji yamejaa. Matondoni ina sifa ya ujenzi wa vyombo tangu zamani. Chini ya mabanda ya makuti utakuta chombo kimeegemezwa magogo, mkuku umelazwa, mataruma yamesimama kama mbavu za nyangumi, na fundi anachonga kwa tezo. Usitafute karatasi iliyochorwa ramani ya chombo, hutaiona. Fundi wa pwani hujenga kwa jicho. Vipimo vyake ni dhiraa na shibiri, na mengine yamo kichwani, aliyoyapokea kwa baba au kwa mjomba aliyemfundisha. Mti wa taruma huchaguliwa ukiwa bado msituni, kwa kupinda kwake, kwa maana mti uliopinda wenyewe ni imara kuliko uliopindwa na binadamu. Nafasi zilizo baina ya mbao hukalafatiwa kwa pamba iliyotiwa mafuta, na nyundo za kalafati zina mlio wake ambao ukishausikia hutausahau.

Tezo hiyo hiyo na mikono hiyo hiyo ndiyo inayoweza kukutengenezea kijahazi. Lakini hapa inafaa nikufungue macho, kwa kuwa vijahazi si vya namna moja. Kuna vile vinavyochongwa kutoka kipande kimoja cha mti, ndani vimekombwa kidogo tu, na vingine havikukombwa kabisa, sitaha ikachorwa juu. Hivyo ni vya haraka na bei yake ni ya haraka. Zawadi ya mtoto, hewala. Halafu kuna vile vinavyojengwa kama chombo kamili: mkuku kwanza, kisha mataruma membamba kama njiti, kisha ubao mmoja mmoja. Kazi hiyo huweza kuchukua wiki kadhaa. Tanga lake hushonwa kwa merikani, kitambaa kile kile kigumu cha pamba ambacho mababu zetu walikiita hivyo kwa kuwa kilikuwa kikiletwa na meli za Wamarekani kutoka Salem katika karne ya 19. Kwa hiyo ukikumbuka wale wanasesere wa besiboli, nasi tumewahi kushirikiana na Wamarekani katika mambo haya.

Kwa nini fundi wa chombo cha tani nyingi akae anakata vijiti? Swali hilo lina majibu, nayo si ya kufurahisha. Jahazi kubwa lilikuwa likiishi kwa mizigo. Boriti za mikoko za Lamu zilikuwa zikipelekwa Uarabuni na Ghuba, vyombo vikishuka kwa pepo za kaskazi na kurudi kwa kusi, hadi mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje ya nchi. Mizigo mingine ilichukuliwa na malori. Abiria walichukuliwa na boti za injini, na sasa nyingi ni za faiba, ambazo hazitaki fundi wa tezo. Walibaki watalii. Mwaka 2011 watekaji nyara wakashambulia Kiwayu na Manda na kuchukua wageni, na watalii wakakimbia. Juni 2014 yakatokea mauaji ya Mpeketoni, ambayo yaliua watu zaidi ya 60 na kuifunika Lamu nzima kwa hofu, ikafuata amri ya kutotoka usiku ambayo iliwabana wavuvi. Wageni walipoanza kurudi, mwaka 2020 ukaingia ugonjwa wa korona. Katika miaka hiyo yote, kijahazi kilikuwa kitu cha kwanza ambacho mtu huacha kununua. Hakuna anayekufa kwa kukosa kijahazi, isipokuwa ufundi wenyewe.

Bandari kubwa mpya nayo imefunguliwa ghuba ya Manda, gati lake la kwanza likianza kazi tarehe 20 Mei 2021. Meli za makontena huonekana huko zikiwa ndefu kama mtaa. Sina ugomvi nazo, nchi inahitaji bandari. Ila meli hizo hazijengwi Matondoni.

Ndiyo maana nakuomba, msomaji, ukienda kununua, ununue kama mtu anayejua. Kijahazi ni kumbukumbu, na kumbukumbu ya uongo ni mbaya kuliko kukosa kumbukumbu. Nimeviona katika maduka ya Nairobi vijahazi vilivyoandikwa Lamu ubavuni na omo zake zimelala kama za Zanzibar. Nimeviona vyenye mlingoti uliosimama wima kama nguzo ya simu, na foromali iliyogundishwa kwa gundi isiyoweza kushuka. Nahodha wa chombo hicho angegeuza vipi tanga? Kwa hiyo shika kijahazi mkononi. Tazama omo. Jaribu kushusha foromali uone kama kamba yake inapita juu ya mlingoti na kurudi chini, na sukuma usukani uone kama unazunguka. Kigeuze utazame mkuku. Muulize muuzaji: hiki ni jahazi, ni mashua, au ni nini? Akikujibu kwamba yote ni "dhow," mshukuru kwa heshima na uendelee na safari yako. "Dhow" si neno la mabaharia wa kwetu. Ni neno la Wazungu la kukusanya kila chenye tanga.

Juu ya bei sitakupangia. Kupatana ni desturi, na ukinunua bila kupatana hata muuzaji atakuona mtu baridi. Lakini kuna kupatana na kuna kunyonya. Kijahazi cha mataruma kamili kilichokula wiki tatu za mtu mzima, mwenye watoto wanaosoma, hakiwezi kuwa bei ya samaki wawili. Msalimie kwanza fundi, mwamkie ikiwa ni mzee, kaa naye, kahawa ikija kunywa. Baada ya hapo hata bei yenyewe hubadilika, wakati mwingine kwa faida yako.

Kisha fanya jambo moja ambalo wateja wengi hawalifanyi. Mwambie aandike jina lake chini ya mkuku, na jina la kijiji, na mwaka. Sanamu ya Jackie Robinson inauzwa na kadi inayosema ni nani huyo na aliichezea timu gani. Kijahazi cha Lamu hutoka hivi hivi, bila jina la fundi wala la chombo, na baada ya miaka 50 mjukuu wako hatajua kama kilichongwa na bingwa wa Matondoni au na mtu aliyeliona jahazi kwenye kalenda. Vielelezo vingi vya zamani vilivyo katika makumbusho ya dunia havina jina la aliyevichonga. Tunajua majina ya Wazungu waliovichukua.

Ningekuwa nimekudanganya kama ningekuambia kwamba ni mafundi wazima peke yao wanaojenga vyombo vidogo. Nenda pwani jioni, maji yakipwa, utawaona watoto na vidau vya makumbi au vya mbao nyepesi, tanga la kitambaa au la karatasi ya nailoni, wakivishindanisha kwa upepo na kuvifukuza majini hadi mapajani. Zamani matanga hayo yalikuwa ya mifuko ya plastiki. Tangu mifuko hiyo ilipopigwa marufuku mwezi wa Agosti 2017, malighafi imekuwa adimu kidogo, na sidhani kama wizara ililifikiria hilo.

Huko Kiwayu, kaskazini ya mbali ya visiwa hivi, watoto walipata malighafi nyingine. Mawimbi huleta ufukweni kandambili, au champali kama wengine wasemavyo, kwa maelfu, zikiwa zimetupwa na watu wa nchi mbalimbali za Bahari ya Hindi. Mwaka 1997 mhifadhi wa viumbe vya bahari, Julie Church, aliwaona watoto wa huko wakizikata na kuzigeuza vitu vya kuchezea. Akina mama wa hapo wakaanza kuzikusanya na kuchonga vya kuuza. Kutokana na mchezo huo wa watoto ilizaliwa kazi ambayo leo ina karakana Nairobi ya kampuni ya Ocean Sole, inayotengeneza tembo, twiga na kasa wa rangi rangi wanaouzwa ng'ambo.

Na zikarudi Lamu kwa njia nyingine. Fundi Ali Skanda wa Lamu na wenzake walichukua taka za plastiki, karibu tani 10, wakaziyeyusha zikawa mbao na mataruma, wakajenga chombo cha tanga cha kweli cha urefu wa mita 9 hivi, kisha wakakivisha ngozi ya kandambili 30,000. Kikaitwa Flipflopi, kikashushwa majini mwezi wa Septemba 2018, na mapema mwaka 2019 kikasafiri kilomita 500 hadi Zanzibar. Chombo hicho kimejengwa kwa ufundi ule ule wa jicho, mafundi wakilazimisha plastiki ipinde kama mti. Wakati majahazi makubwa yanapungua hadi kuenea kabatini, kitu cha kuchezea watoto kilikua hadi kikabeba mabaharia.

Lakini tunarudi kwa kijahazi chako, maana bado hujakifikisha nyumbani, na barabara ya kutoka Mokowe si rafiki wa mlingoti. Usikubali kitupwe juu ya basi pamoja na magunia. Mwambie fundi aung'oe mlingoti kwenye tundu lake (kikiwa kimejengwa sawasawa, utang'oka bila kuvunjika), alifunge tanga kwenye foromali kama mabaharia wafanyavyo wakiwa bandarini, na avilaze vyote ndani ya chombo. Funga usukani kwa uzi usicheze. Vizungushie gazeti tabaka kadhaa, na hili unalolisoma litafaa, kisha kanga juu yake. Halafu keti upande wa dirisha, kipakate, omo ielekee mbele. Kondakta akikutoza nauli ya mtoto, mwambie huyu bado hajatimiza umri.